Alitupita Wote mu Unyenyekevu

Kwetu Nyamitaba, kama ulikuwa unatafuta Katekista mu kanisa, usingeangalia mbele. Mbele kulikuwa watu wa kawaida, wenye kiburi kama mimi na weye. Yeye alikuwa anaikala ku banki ya nyuma kabisa, karibu na mulango, fasi kuku zilikuwa zinaingilia. Lakini yeye njo alikuwa anaanzisha nyimbo yote. Basi watu wote wanageuza shingo kumuangalia, wimbo kwa wimbo, mpaka sala inaisha na shingo zinauma. Mama yangu alisemaka: "Ule muzee angeikala mbele kama wengine, tungemusahau."

Jina yake ninaijua, lakini siiandike. Yeye mwenyewe alisemaka: "Jina yangu ni kitu gani? Muniite tu mutumishi." Nilikuwa na miaka nane, nikasadiki. Nikamukuta mu njia, nikamwambia: "Jambo, mutumishi." Akanikamata sikio, akanivuta mpaka ku mulango ya mama.

"Huyu mutoto, nani anamufundisha zarau?"

Nikasema: "Ni weye, Papa. Siku ya Mungu iliyopita."

Mama akageuka upande wa jikoni, mabega yake inatikisika. Toka ile siku Katekista aliniita Kinywa. "Kinywa, unaenda wapi? Kinywa, umesali?" Mimi niliona ni jina muzuri. Kwetu kulikuwa wasichana saba wa jina Maria, lakini Kinywa nilikuwa peke yangu.

Mambo ya koti, watu wa kwetu wanaielezea mpaka leo. Padiri, mwenye alikuwa anatoka misioni kubwa na kufika kwetu mara moja mu mwezi, alimuletea koti nyeusi, mupya, ya kutoka Ulaya. Vita ya Wazungu ilikuwa imeisha juzi tu, nguo mupya haikuonekanaka. Ile koti ilimusumbua Katekista. Siku tatu iko inatundikwa ku ukuta, anaizunguka kama vile ni nyoka. Siku ya ine akaiangusha mu magoti ya bibi yake, pamoja na kipande ya gunia.

"Shona kiraka ku kiwiko."

Mama Katekista akageuza mukono ya koti, akageuza tena. "Tundu iko wapi?"

"Tundu haiko. Shona tu."

"Papa, niweke kiraka juu ya kitu kizima? Juu ya nini?"

"Juu watu wasiseme ninajiona."

Akashona. Kiraka ya gunia, juu ya koti nyeusi! Hata muntu wa jicho moja angeiona toka kilima ya ngambo. Na yeye akisalimia muntu, anatanguliza kiwiko.

Hapa wengine watasema Kinywa anachafua muzee wa watu. Apana. Ngoja niseme na ingine. Siku mama alishindwa kuzaa mutoto wa ine, mvua inanyesha, njia inateleza, wanaume wa kilima walisema wangoje jua. Katekista hakungoja. Aliweka mama ku kipoyo, kitanda ya miti ya kubeba ku mabega, yeye mbele, baba yangu na wajomba wawili wanabadilishana nyuma, wakashuka mpaka ku dispanseri, safari ya kutwa nzima. Mabega yake ilivimba juma mbili. Kisha alielezea ile safari ku mafundisho mara ine, tena mara ya ine mvua ilikuwa imekuwa mvua ya mawe. Lakini alibeba. Mama iko muzima, na kaka yangu mudogo iko anakula kwetu kama kawaida.

Tena kulikuwa maziwa. Chini ya lupango yake, zizi ya ngombe, kulikuwa nyumba ya Mama Mujane, muzee wa kike mwenye hakuwa na mutoto, isipokuwa shamba yake ya maharagi. Kila asubui, mbele jua itoke, Katekista anaingia mu lupango, anakamua ngombe moja, anapelekea ule mama kibuyu ya maziwa. Miaka na miaka. Ile hakuisemaka hata siku moja. Sijui juu ya nini. Pengine kulikuwa giza, hakuna muntu wa kuona, akasahau kama ni kitu ya kusema.

Kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha wazazi. Siku ya Mungu, ile Jumapili, kisha sala, wababa na wamama wanabaki, watoto wanatoka inje. Mimi nilibakiaka ndani juu nilikuwa ninabeba mutoto wa mama. Mutoto alikuwa na miaka miwili na alijua kutembea muzuri, lakini mimi nilipenda kusikia.

"Unyenyekevu inaanzia nyumbani," alisemaka. "Muzazi akificha kosa ya mutoto yake, anafundisha kiburi. Mutoto akikosa, mumutoshe inje, watu waone. Mimi wangu siwafiche."

Kweli, hakuwaficha. Mu Juma Takatifu aliosha watoto yake sita miguu, kwa mikono yake, mu lupango ya nyumba, majirani wote wameitwa. Tulikuja na viti. Asubui Mama Katekista alikuwa ameshawasugua ile miguu na jiwe, juu maji ya baba isichafuke. Mukubwa yao, Anselemi, alikuwa kijana wa miaka kumi na tano na alikuwa anaogopa kuguswa chini ya muguu. Baba anamushika tu, yeye anacheka. Anashika tena, anacheka. Papa Katekista, na sura ya mutakatifu kabisa, akamufinya kidole kikubwa. Anselemi akaruka, maji ikamwangikia baba mu shati. Tulicheka siye wote, isipokuwa muntu moja. Anselemi alikuwa hivi: kicheko ilikuwa inamupita nguvu, haikuwa zarau. Lakini baba yake hakuweza kutofautisha.

Siku moja mama moja wa kwetu alinyoosha mukono mu lesoni. "Papa Katekista, na kama ni mimi njo nilimukosea mutoto? Nifanye aje?"

Katekista akafunga kitabu, akafungua tena, akageuza kurasa moja, mbili. "Ile iko mbele," akasema. "Tutaifikia."

Hatukuifikia.

Sasa, mu kanisa yetu kulikuwa muzee mwingine wa kunyenyekea. Huyu aliwahi kuwa kapita, musimamizi wa kazi, ku shamba ya Muzungu, huko Kitchanga, alikuwa anapigia watu filimbi. Alipozeeka akarudi kwetu, akashika dini na mikono mbili. Tulimwita Kapita. Mbele Kapita afike, kufagia kanisa asubui ilikuwa kazi ya Katekista. Si kama alitumwa. Watu walikuwa wanaenda shamba, wanamukuta ameinama na balai ya kufagilia, vumbi mu kichwa, wanasema: "Angalia, muntu mukubwa vile!" Kapita alipofika, kisha mwezi moja tu, watu wakamukuta Kapita njo ameinama. Kesho yake Katekista akaamuka mapema zaidi. Kesho kutwa Kapita akaamuka mapema kupita ile. Hawakugombana hata neno. Walisalimianaka: "Pumzika, ndugu, nifagie." "Apana, ndugu, mimi ni mudogo kwako." "Mudogo ni mimi." Na macho inatoka! Ile kanisa ilifagiwa mpaka udongo ya chini ikaanza kushuka, ukiingia unaona kama unateremuka.

Mambo ilikuja siku moja ya mafundisho, Padiri alikuwa anangojewa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu, ninatoka kuchota maji, jua inaanza tu kupasua. Nikaona Katekista ndani ya lupango yake, anakamua ngombe ya maziwa ya kupelekea Mama Mujane. Pale pale, ku kilima ya kanisa, tukasikia: shwa, shwa, shwa. Balai ya Kapita.

Muzee akasimama kama vile nyuki imemuuma. Akachukua kibuyu na mukono moja, balai na mukono ingine, akatoka mbio. Koti inapepea, maziwa inaruka, anaongea peke yake: "Leo siku ya Padiri! Leo siku ya Padiri!" Akapita mbele yangu bila kuniona. Mulango ya lupango ya ngombe, kwetu, inafungwa na miti ine ya kulaza. Ile miti ine ilibaki chini mu majani.

Niliona. Nilicheka mpaka nikamwanga maji yangu, nikarudi muto kuchota ingine. Wakati nilipanda tena, ngombe kumi na moja zilikuwa zimeshuka mu shamba ya Mama Mujane. Maharagi ilikuwa na maua. Haikubaki hata jani. Ule mama asubui hiyo alipata maziwa nusu kibuyu na akapoteza chakula ya mwaka.

Alilia mu njia ya kanisa, mbele ya watu wote na mbele ya Padiri. Katekista akauliza nani anachungaka ngombe. Alijua muzuri nani anachungaka, lakini aliuliza kwa sauti.

"Ni mimi, Papa," Anselemi akasema. "Lakini nilifunga jioni. Miti yote ine. Nilifunga."

"Na nani alifungua? Malaika?"

Anselemi akaangalia baba yake, akafungua kinywa, na kicheko yake ile ya kumupita nguvu ikatoka. Ni woga, ninasema. Lakini ilitoka.

Basi ikawa kosa mbili. Kwetu, mukristu mwenye kukosa sana anapiga magoti inje, ku mulango ya kanisa, mikono imenyooshwa, wakati wa sala nzima, na watu wakiingia wanamupita. Hiyo ni malipizi ya wakubwa, wenye kuacha bibi, wenye kwenda kwa mufumu, muganga wa uchawi. Katekista akasema mbele ya Padiri: "Mutoto ni wangu, kwa hiyo sitamuhurumia. Siku ya Mungu tatu." Padiri wa mwaka ile alikuwa Muzungu mupya, hakusikia Kiswahili yote, akatikisa kichwa. Watu wakanongona: "Ona muzazi! Hata wake hamufiche." Na Katekista akateremusha macho chini, vile anajuaka kuteremusha.

Mimi nilikuwa pale. Mu maisha yangu nimesema mambo mingi ya bure, na ile moja ya kufaa nikainyamazia. Nilimwambia mama mu sikio. Mama akanifinya. "Funga kinywa. Ni yeye iko anaandika majina ya wenye kupata komunyo." Nikafunga.

Siku ya Mungu tatu Anselemi alipiga magoti. Vijana wenzake walimupita wanasema: "Acha nipite, mufumu." Wasichana wanajificha na kanga mu kinywa. Ya tatu, sala iliisha, akasimama, akapangusa magoti, hakuingia kwa baba yake hata kuchukua blanketi. Alienda na njia ya kushuka Walikale, kule pori, fasi Wazungu wanatafuta vijana wa kuchimba mawe ya kasiteri na wa kutengeneza barabara. Mama yake alimufuata mpaka ku kijito. Alirudi peke yake.

Kisha mwezi mbili mimi nilishindwa kunyamaza. Nilimukuta Katekista anasimama mbele ya lupango ya ngombe, anaangalia miti.

Nikasema: "Papa, ile siku ya maharagi nilikuwa ku njia ya maji. Nilikuona na balai na kibuyu."

Hakunivuta sikio. Kisha akasema, pole pole: "Kinywa, umeambia nani?"

"Mama tu."

"Na mama yako alisema nini?"

"Alisema weye njo unaandika majina ya komunyo."

Akaikala chini mu majani na koti yake. Niliona uso yake inabadilika, nikaogopa, nikakimbia.

Siku ya Mungu iliyofuata, alisimama kanisani. Mimi nikashika banki na mikono mbili. Akasema, sauti inatetemeka: "Ndugu zangu, mbele yenu kunasimama mwenye zambi mukubwa kupita wote. Hakuna mu kilima hii muntu mubaya kama mimi. Mimi ni vumbi. Mimi ni buzi kati ya kondoo." Na vile, na vile, muda ya kupika maharagi. Wamama wakalia. Kapita alilia kwa wivu. Hata mu zambi, alitupita wote! Walitoka wanasema: "Huyu muntu ni mutakatifu." Maharagi na ngombe, hata neno moja. Anselemi, hata jina.

Mama Katekista hakulia. Ku mulango alimwambia kwa sauti ya chini, mimi niko nyuma yao: "Umetubu zambi ya watu wote ya toka Adamu. Yako njo imebakia."

Miaka ikapita vile. Yeye anafundisha, wazazi wanaitika, lakini habari ya kutosha watoto inje hakuisema tena. Mama Katekista alienda mwenyewe kutafuta mutoto yake, siku kumi ya njia, akarudi na habari. Anselemi iko kantonye, wale wa kutengeneza barabara, iko ameoa, iko na mutoto wa kike. Anasalimia wote. Na kwa baba yake ametuma neno moja: "Papa aseme tu kitu alifanya, na aiseme fasi nilipigiaka magoti. Kama hapana, mimi sina njia ya kurudi."

Kwa hiyo alijua. Alijua toka mwanzo, juu yeye njo alifunga miti, na ni baba yake tu mwenye kuifungua asubui. Na alinyamaza, akapiga magoti. Sasa uniambie, kati ya ile wawili, nani alikuwa anafundisha mwenzake.

Mimi niliolewa na kijana wa kantonye, akanishusha mpaka Hombo, ku barabara ya kwenda Stanleyville. Ninapikia washoferi bukari, ule ugali yetu ya bunga, na sombe ya majani ya muhogo na samaki. Anselemi na bibi yake wanakaa nyumba ya tatu toka kwangu. Tulikuwa tunaongea mambo yote ya Nyamitaba, isipokuwa ile moja.

Mwaka huu, saa sita ya muchana, kamyo moja ikasimama mbele yangu. Juu ya magunia akashuka muzee, mwembamba, nyweele nyeupe, vumbi mwili muzima. Nilimujua mbele asimame. Nilitaka kupiga kelele ya furaha, akaniinulia mukono.

"Kinywa. Nionyeshe nyumba yake."

"Papa, kula kwanza."

"Nikikula nitaanza kufikiri maneno. Nionyeshe."

Nikaacha chungu ku moto, nikamupeleka. Anselemi alikuwa inje ya nyumba, anachonga mupini ya jembe, mutoto yake anacheza na maganda. Bibi yake alikuwa anasonga bukari. Anselemi akainua macho. Hakusimama. Kisu ikabaki juu.

Muzee akaanza: "Mwana wangu, Maandiko inasema..."

"Papa," Anselemi akasema, "Maandiko niliisikia."

Mikono ya muzee haikujua fasi ya kukaa. Nilimuona anatafuta neno, muntu mwenye maneno kama yeye, na haipati.

"Ni mimi niliacha lupango wazi," akasema. "Nilikimbilia kufagia mbele ya Kapita. Nilijua ile siku. Wakati unapiga magoti, nilikuwa ninajua."

Mutoto akaacha maganda, akatuangalia.

"Na watu ya kule?" Anselemi akauliza.

"Niliwaambia siku ya Mungu moja, mwezi iliyopita. Nilisimama inje, ku ule mulango, nikawaita watoke. Nikasema mambo ya kibuyu, ya balai, ya Kapita. Yote."

"Walisema nini?"

Muzee akaangalia chini. Si vile alijuaka kuangalia chini. Aliangalia chini kama muntu anatafuta kitu ameangusha.

"Walicheka," akasema. "Walicheka mpaka wengine wakaikala mu majani. Mama Mujane alicheka, na hana hata jino. Sasa wakiniona wanakamata balai, wananifuata na mwendo vile nilikimbiaka. Padiri amenitosha ku kazi. Hakuna mwenye alisema mimi ni muntu wa Mungu. Hata moja."

Nikaona mabega ya Anselemi. Nilijua ile mabega toka utoto, nikasema mu roho: Mungu wangu, si sasa, Anselemi, si sasa. Alikaza kinywa. Alifunga macho. Ikamupita nguvu. Akacheka, akacheka, kisu ikaanguka, machozi inashuka mu shavu, anajaribu kusema kitu na haitoke.

Baba yake akamungojea. Kisha akaikala chini, karibu yake, pale pale ku udongo na maganda.

"Cheka, mwana wangu," akasema. "Hii kicheko ya kwako njo nimefuata."

Bibi ya Anselemi hakusikia mwanzo wala mwisho ya mambo. Aliangalia muzee, akaangalia mimi, akahesabu watu, akaongeza bunga mu chungu.